Nyamagana 1974: Umbo Kabla ya Mpira

Ukifungua ukurasa wa mbinu katika gemu la Football Manager, kinachokupokea ni uwanja wa kijani uliochorwa kana kwamba unatazamwa kutoka juu. Mpira haupo. Zipo nafasi kumi na moja zinazosubiri majina, na lazima useme kila mmoja asimame wapi, apewe kazi gani, apande lini na abaki lini. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya fani hii.

Watu duniani kote wameitumia kanuni hiyo kufufua timu za zamani: Brazil ya 1970, Uholanzi ya 1974, AC Milan ya Arrigo Sacchi. Hutazama filamu za mechi, husimamisha picha, hupima umbali wa beki na beki mwenzake, kisha huhamishia walichokiona kwenye ule uwanja wa kijani. Mimi nataka kuisoma fani hii kwa timu ambayo watu wa Mwanza waliipokea kwa njia nyingine kabisa: Yanga iliyoifunga Simba mabao 2-1 katika Uwanja wa Nyamagana, tarehe 10 Agosti 1974, na kuondoka na ubingwa wa mwaka huo. Nimeijenga timu hiyo kwenye kompyuta. Ninachokishikilia baada ya kuijenga ni kwamba gemu huuliza umbo kabla ya mpira, ilhali sisi tulirithishwa mpira kabla ya umbo. Ugumu wote wa kazi hii unatokea hapo, na utamu wake pia.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kila watani hawa wa jadi wanapokaribia kukutana, magazeti huchapisha orodha ya mechi zao tangu miaka ya sitini, na mechi ya Nyamagana huchukua mistari michache tu. Tarehe. Matokeo. Adam Sabu wa Simba, dakika ya 16. Gibson Sembuli wa Yanga, dakika ya 87. Sunday Manara wa Yanga, dakika ya 97. Ukiisoma kwa haraka utaona takwimu. Ukiisoma taratibu utaona hadithi iliyobanwa hadi ikabaki mifupa, na mifupa hiyo imepangwa vizuri kuliko makala nyingi nilizowahi kusoma kuhusu kandanda. Kati ya jina la kwanza na la pili kuna dakika 71 ambazo hazina neno hata moja. Kisha, ndani ya dakika kumi, kila kitu kinapinduka. Uzito wote wa orodha uko katika umbali kati ya tarakimu hizo.

Na umbali huo unazidi kuwa mzito ukikumbuka Simba ile ilikuwa timu gani. Mwaka huohuo iliwatoa Hearts of Oak ya Ghana katika Klabu Bingwa Afrika, ikafika nusu fainali, ikaja kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti baada ya kila timu kushinda bao 1-0 kwake. Timu ya namna hiyo ikiongoza tangu dakika ya 16, zile dakika 71 si ukimya wa kawaida. Ni ukuta. Orodha haikuambii hivyo. Inakuachia uhesabu mwenyewe.

Wiki tano kabla ya Nyamagana, tarehe 7 Julai 1974, Uholanzi ilicheza fainali ya Kombe la Dunia mjini Munich ikafungwa 2-1 na Ujerumani Magharibi. Nayo ilitangulia, kwa penalti ya Johan Neeskens dakika ya pili, kabla ya Paul Breitner na Gerd Müller kupindua meza. Mwaka uleule, matokeo yaleyale, hata mkondo wa mabao unafanana: anayetangulia anafungwa mawili. Tofauti kubwa ni kamera. Mtu anayeijenga Uholanzi ile leo anaweza kuona kwa macho yake Johan Cruyff akishuka kutoka mbele hadi katikati ya uwanja kabla Mjerumani yeyote hajagusa mpira, na anaweza kurudia tukio hilo mpaka aamue ni kazi gani ya gemu inayolifaa. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza cha televisheni mwaka 1994, miaka ishirini baada ya Nyamagana. Kandanda la wakati ule liliwafikia wengi kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, magazeti, na vinywa vya waliokuwapo uwanjani.

Redio nayo ni fani, tena ina kanuni kali. Mtangazaji hufuata mpira. Akiwa na winga wa kulia, beki wa kushoto wa timu hiyohiyo hayupo duniani. Hana jina, hana mahali, mpaka mpira umfikie. Msikilizaji hupewa mfuatano: fulani kwa fulani, fulani anamtoka mtu, anaingiza krosi, na sauti inapopanda ndipo anapojua kuwa goli liko karibu. Nafasi ya uwanja inageuka kuwa kimo cha sauti. Kwa hiyo mtu aliyeijua Yanga ile kwa redio ana ujuzi mkubwa wa nani alimpenda nani kwa pasi, nani alikuwa na haraka, nani alipiga shuti lililomfanya mtangazaji akose pumzi. Umuulize mabeki walisimama umbali gani kutoka kwa viungo, na utakuwa umemuuliza jambo ambalo fani iliyomlea haikuwahi kulibeba.

Hata hivyo umbo halikupotea lote. Liliingia kwa mlango wa jezi. Kwetu mchezaji hucheza namba: mbili ni beki wa kulia, tatu ni wa kushoto, nne na tano ni mabeki wa kati, sita ni kiungo mkabaji, saba na kumi na moja ni mawinga, nane ni kiungo anayepanda na kushuka, tisa ni mshambuliaji wa kati, kumi ndiye anayecheza nyuma yake. Mzee akikuambia mtu fulani alikuwa namba sita halisi, amekupa sehemu ya uwanja, kazi, na hata tabia. Namba zetu ndizo umbo pekee lililoweza kusafiri hewani bila picha, na ndizo nilizozitumia kujaza ule uwanja mtupu.

Ukiziweka namba hizo kwenye uwanja wa kijani, zinajipanga karibu na 4-2-4 au 4-3-3, mifumo iliyotawala dunia baada ya Brazil kushinda Kombe la Dunia mwaka 1958 na tena 1962. Namba kumi ndiyo inayoamua: akisogea mbele pembeni ya tisa, mna washambuliaji wanne, akirudi kwa sita na nane, mna viungo watatu. Hapa ndipo gemu linapoanza kusumbua. Katika matoleo yaliyozoeleka, namba kumi amegawanywa vipande: yupo anayesimama na kusubiri mpira umfuate, yupo anayerandaranda atakako, yupo anayekimbilia boksi kama mshambuliaji wa siri, yupo anayesaidia tu. Baadhi ya kazi hizo zina majina yaliyookotwa Italia na Ajentina, kila moja ikibeba historia ya kandanda la huko. Mtu anayejenga Yanga ya 1974 hulazimika kumvika mchezaji wa Yanga joho lililoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Mimi nimemchagulia Sunday Manara ile kazi ya kurandaranda. Ni uamuzi wangu, na nautetea kwa sababu jina lake la utani, Kompyuta, alilipata kwa wepesi wa kufikiri, na wepesi huo unahitaji ruhusa ya kuondoka mahali ulipopangwa.

Kuna jambo moja jipya ambalo linaisogeza fani hii karibu na redio. Toleo la Football Manager 26, lililotoka Novemba 2025, linauliza maumbo mawili badala ya moja: timu inasimamaje ikiwa na mpira, na inasimamaje ikiwa imeupoteza. Katika matoleo ya karibuni yaliyolitangulia umbo moja lilibeba yote, na mabadiliko yalifichwa ndani ya maagizo ya kila mchezaji. Sasa mpira, ambao haukuwapo kabisa kwenye ukurasa wa mbinu, umeingia angalau kama swali. Kwa mjenzi wa timu ya namna hii ni nafuu kubwa. Namba kumi anaweza kuwa mshambuliaji wa pili Yanga inapomiliki, na kiungo wa tatu inapokaba, bila kulazimishwa kuwa kitu kimoja dakika zote tisini.

Baada ya umbo zinakuja sifa. Kila mchezaji hupewa tarakimu kati ya 1 na 20 kwa kasi, kwa utulivu, kwa mashuti ya mbali, kwa ujasiri, kwa kuona pasi, na kadhalika. Asiyelijua gemu hudhani unaweza kugawa ishirini kwa kila unayempenda. Haiwezekani. Nyuma ya sifa hizo kuna kiwango cha jumla kinachopimwa hadi 200, nacho ndicho kinachotawala. Ukimwongezea mtu kasi, gemu hudai malipo kutoka kwingine, kama vile mizani ya shairi inavyomdai mtunzi aondoe neno pale alipoongeza silabi. Nilipompa Gibson Sembuli mashuti ya kiwango cha juu kabisa, maana hilo ndilo kila mtu aliyemwona analolisema kwanza, ilinibidi nimpunguzie kitu. Lakini nimpunguzie nini? Masimulizi ya kandanda letu husifu kwa kuchagua jambo moja na kulikuza mpaka lijaze mtu mzima: yule ni mashuti, huyu ni chenga, yule kichwa. Gemu linakataa mtu wa jambo moja. Linataka ujue pia mguu wake wa pili ulikuwaje, aliruka kiasi gani, alichoka dakika ya ngapi.

Naliona dai hilo kuwa la haki, na pia naliona kuwa la hatari. La haki, kwa sababu linatufundisha kuuliza maswali ambayo sifa zetu huyaruka. La hatari, kwa sababu kisanduku kinachotaka kujazwa hujazwa. Mjenzi mwenye haraka huandika 12 kwa sababu 12 inaonekana ya kawaida, na baada ya kusambaza faili lake, ile 12 inageuka kuwa historia. Vijana watakaolipakua watasema beki fulani wa Yanga ya 1974 hakuwa na mbio, na ushahidi wao utakuwa tarakimu iliyoandikwa na mtu aliyechoka usiku.

Mchezaji mmoja anaivunja fani hii kabisa. Kitwana Manara, kaka yake Sunday, aliwahi kuwa kipa kabla ya kuwa mshambuliaji. Katika kandanda letu mtu wa namna hiyo ana jina la heshima: kiraka. Katika gemu, kipa na mchezaji wa ndani ni viumbe wawili. Ukurasa wa kipa una sifa zake, kudaka, kutoka golini, kupangua; ukurasa wa mshambuliaji una zake, na wasifu mmoja hauonyeshi zote mbili kwa pamoja. Unaweza kulazimisha katika programu ya kuhariri, ukamwandikia nafasi zote mbili, lakini gemu litamwona kama kosa la uandishi. Maisha halisi ya mtu yanakuwa hitilafu ya data. Sijui mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba kanzidata hii ilibuniwa na watu waliozoea kandanda lililokwisha kugawanya kazi tangu utotoni, ambako mtoto wa miaka tisa tayari ameshaambiwa yeye ni kipa.

Ipo sifa moja ambayo inanivutia kuliko zote kwa jinsi inavyowekwa. Gemu lina sifa zilizofichwa, ambazo kocha hazioni kwenye wasifu. Hudokezwa tu na ripoti za maskauti. Mojawapo ni uwezo wa kucheza vizuri katika mechi kubwa. Januari 1975, miezi mitano baada ya Nyamagana, Yanga na Simba zilikutana tena Zanzibar katika fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Yanga ilishinda 2-0. Wafungaji walikuwa Sunday Manara na Gibson Sembuli. Watu walewale wawili, mpinzani yuleyule, kombe jingine. Kile ambacho gemu linakificha chini kabisa, kumbukumbu yetu imekiweka juu kabisa. Ndicho inachokihifadhi kabla ya kingine chochote. Orodha ya magazeti haina kasi wala utulivu, haina nafasi wala umbo. Ina nani alifunga siku iliyokuwa na uzito, na dakika ya ngapi.

Hapo nilielewa kuwa nilikuwa ninatafsiri kati ya fani mbili zenye vipaumbele vilivyogeuzwa. Mjenzi anayeanza na umbo, akaja kwenye sifa, akamalizia na sifa zilizofichwa, anafuata mpangilio wa kurasa za gemu. Kwa timu kama hii ni lazima ugeuze. Nilianza na sifa iliyofichwa, nikaiweka juu kwa wafungaji hao wawili, kisha nikarudi nyuma kuuliza: timu ya namna gani ingewapa watu hawa wawili nafasi ya kufanya walichofanya katika dakika za mwisho, dhidi ya ukuta wa dakika 71?

Tuje kwenye dakika ya 97. Bao hilo haliwezi kutokea katika mechi ya ligi ndani ya gemu. Ligi haina muda wa nyongeza. Dakika tisini zikiisha na za majeruhi, kila timu inachukua pointi yake. Nyamagana iliendelea kwa sababu ilikuwa mechi ya kuamua bingwa, na sare ya 1-1 haikuwa jibu. Ili bao la Manara liwezekane tu, sijasema litokee, ilinibidi niijenge mechi kama fainali ya mtoano mwishoni mwa ligi, jambo ambalo programu ya kuhariri inaruhusu kwa taabu. Nilikaa sana hapo, maana ndipo nilipoona kuwa kanuni za mashindano ni sehemu ya mbinu. Timu inayojua kuna dakika thelathini za ziada husawazisha kwa namna yake. Sembuli alipofunga dakika ya 87 hakuiokolea Yanga pointi moja; aliifungulia mechi nyingine.

Na kuna sheria ambazo gemu haliwezi kuzirudisha kabisa. Mwaka 1974 beki aliweza kumrudishia kipa wake mpira kwa mguu, na kipa akaudaka kwa mikono. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1992. Mwaka 1974 mshambuliaji aliyekuwa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho alikuwa ameotea. Mwaka 1990 ndipo alipohesabiwa kuwa yuko salama. Mabadiliko haya mawili yanagusa moyo wa mechi ya Nyamagana. Timu inayoongoza 1-0 kwa sheria za 1974 ilikuwa na silaha ya kutuliza mchezo ambayo hakuna timu ya leo iliyo nayo: rudisha kwa kipa, kipa adake, adundedunde, avute pumzi, arushe upya. Injini ya mechi ya Football Manager imejengwa juu ya sheria za sasa. Simba yangu ya kwenye kompyuta, ikitaka kulinda bao la Adam Sabu, hulazimika kulilinda kwa mbinu za karne hii: kushusha mstari wa ulinzi, kupunguza kasi ya pasi, kupaki basi. Dakika 71 za gemu si dakika 71 za Nyamagana hata kama saa inasoma sawa.

Uwanja wenyewe ni rahisi zaidi. Programu ya kuhariri inaruhusu kuweka jina, mji, vipimo na aina ya nyasi. Mwanza ya 1974 haikuwa na CCM Kirumba. Nyamagana ndio uliokuwa uwanja wa mji, katikati ya mitaa, na vilima vya mawe vikiuzunguka mji mpaka ziwani. Leo Nyamagana una nyasi bandia. Ukilichukua gemu na Nyamagana ya leo utapata mpira unaoteleza sawasawa kila sehemu, kwa hiyo niliweka nyasi za asili, na hali ya hewa ya Agosti, mwezi wa kiangazi Kanda ya Ziwa. Ni jambo dogo lakini linabadilisha thamani ya krosi ya chini.

Wapo wajenzi wa timu za zamani ambao huendelea kurekebisha tarakimu mpaka matokeo ya kihistoria yajirudie. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukilazimisha 2-1 umeandika matokeo, hujaandika timu. Injini ya gemu ni ya bahati na uwezekano. Timu bora hufungwa, na hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo gemu hili limewahi kulipa kandanda. Kipimo changu ni kingine. Nataka kuona kama Yanga yangu, ikiwa nyuma kwa bao moja hadi dakika za themanini, inabaki na njia ya kufunga ambayo msikilizaji wa redio angeitambua: mpira unafika pembeni kwa namba saba au kumi na moja, unarudi ndani, mtu mwenye mguu mzito anapata nafasi ya kupiga. Mara nyingi inafungwa. Lakini inapofungwa, inafungwa ikiwa bado inapeleka mpira kwa Sembuli, na hiyo kwangu ni Yanga.

Sasa niseme jambo ambalo limenishangaza kuliko yote. Gemu hili halikuzaliwa na picha. Ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, walilitoa mwaka 1992 likiitwa Championship Manager, na kwa zaidi ya muongo mmoja mechi zake zilichezwa kwa maandishi tu. Sentensi fupi zilimulika kwenye kioo: fulani anapata mpira, anampita beki, anapiga... Kisha ukimya wa sekunde, moyo ukidunda, halafu ama goli ama nje. Wachezaji wanaosogea walionekana kutoka juu mwaka 2003, na picha za pande tatu zikaja baadaye. Maana yake ni kwamba fani hii ilianza kama redio. Ilifuata mpira. Wachezaji wengine kumi hawakuwapo mpaka sentensi iwafikie, na mvutano wote ulikaa katika pengo kati ya sentensi moja na nyingine, kama unavyokaa katika pengo kati ya dakika ya 16 na ya 87.

Ndiyo maana ninashauri mechi ya Nyamagana ichezwe kwa maandishi, bila picha. Zile sanamu za pande tatu, zenye mbio za leo na viatu vya leo na majukwaa ya kiwanja cha Ulaya, zinaleta umbo ambalo hakuna aliyelishuhudia, kisha zinadai liaminiwe. Maandishi yanakupa mfuatano na yanakuacha ujaze mwenyewe. Vijana waliozoea mechi za pleistesheni kwenye vibanda vya Mabatini na Igoma wataona ni kurudi nyuma. Ninawaomba wajaribu dakika ishirini za mwisho tu, wakiwa wamezima taa.

Najua mtu wa Mwanza atauliza kwa nini nimehangaika na timu mbili za Dar es Salaam zilizokuja kuchezea kwetu, wakati tuna Pamba yetu, TP Lindanda, bingwa wa 1990, iliyowalea akina George Masatu na Hussein Masha kabla Simba haijawachukua, na iliyorejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Swali ni la haki. Pamba inastahili faili lake, tena faili lake litakuwa tofauti, kwa sababu wengi waliocheza ndani yake wangali miongoni mwetu na wanaweza kuulizwa kisanduku kwa kisanduku. Nyamagana ya 1974 nimeichagua kwa sababu ndiyo inayoibana fani mpaka ilie.

Kuna kitu kimoja katika programu ya kuhariri ambacho wajenzi wengi hukiona kama uzembe, nami nakiona kuwa ndicho chenye uaminifu zaidi. Ukiacha sifa ya mchezaji kwenye sifuri, gemu halimwoni kuwa hana sifa hiyo. Linamgawia lenyewe, kwa bahati, ndani ya mipaka ya kiwango chake, kila unapoanzisha gemu jipya. Mchezaji huyo atakuwa mwepesi leo na mzito kesho. Nimeacha sifuri nyingi. Nimemjaza Sembuli mashuti yake, Manara akili yake, wote wawili mechi kubwa zao; kwa Simba nimempa Adam Sabu umaliziaji wa mtu anayefunga dakika ya 16 kwenye fainali. Kwa Elias Michael golini, kwa Omar Kapera na Hassan Gobbos, mabeki wa Yanga ya miaka ile, nimeweka namba za jezi, kiwango cha jumla kinacholingana na timu bingwa, na sifuri kwa yote ambayo sijaambiwa na mtu aliyewaona.

Sifuri hizo zinajazika. Aliyekuwa na miaka kumi na tano kwenye jukwaa la Nyamagana mwaka 1974 sasa yuko kwenye sitini na kitu, na wapo wengi wa umri huo Kirumba, Pasiansi, Nyakato, Ukerewe na ng'ambo ya ziwa huko Sengerema. Maswali ya kuwauliza nimeyaandika kwa mpangilio wa gemu lakini kwa lugha ya namba zetu: namba tatu wa Yanga alipanda au alibaki? Namba sita wa Simba alimkaba Manara mtu kwa mtu, au alimwachia namba nne? Kipa wa Simba alirudishiwa mpira mara nyingi kipindi cha pili? Na lile bao la dakika ya 87, ambalo gemu haliwezi kulirekodi bila kuandika pia jina la aliyetoa pasi: mpira ulimfikia Sembuli kutoka upande wa mjini, au kutoka upande wa ziwa?